Maji kwa Kata

Ng'ombe tuliyemtumia katika majaribio yale ya malisho hakuwa wa serikali. Alikuwa wa mama mkwe wangu, na hilo ndilo lililoifanya siku ile iwe nzito kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu.

Nilikuwa msaidizi wa kilimo, nimeoa karibuni, na nilikuwa nimerudi kwetu bondeni Kilombero baada ya kufanya kazi kwa muda huko pwani, kwenye mashamba yaliyoingiwa na maji ya bahari. Huko tulikuwa tukitafuta majani ya malisho yatakayokubali kuota kwenye udongo wa chumvi, maana mpunga na mihogo vilikuwa vimekataa kabisa. Kazi ilituvunja moyo. Mnapanda safu nzuri, mwezi unapokuwa mpevu bahari inajaa, inapanda mpaka shambani na kuondoka na vipando vyote. Hamjui tena kama majani yameshindwa na chumvi au yameng'olewa na maji. Bwana kilimo, Mwingereza mrefu mwenye sauti ndogo, akasema tutafute mahali penye chumvi pasipo na bahari. Nikamwambia kwetu papo.

Watu wakisikia Kilombero hufikiri mpunga na mafuriko. Lakini upande wa kwenda Mbingu, chini kidogo ya miinuko, kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho kila kiangazi kiliota ukoko mweupe kama uji uliokaukia sufuriani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chumvi ya dukani ilipoadimika, akina mama walichota udongo ule, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha, wakapata chumvi ya mboga. Katikati yake hapakuota kitu. Pembezoni ndipo palipokuwa na majani machache yaliyozoea dhiki.

Tukapanda hapo. Vipando vya pwani vilikuja ndani ya magunia yaliyoloweshwa, vikavuka mto kwa kivuko hadi Ifakara, nikavipeleka kwa baiskeli. Vingine nilivichimba mwenyewe pale pale pembezoni. Nikavipanga safu kwa safu, kuanzia udongo wenye nafuu hadi kwenye ukoko wenyewe. Kisha ikawa kazi ya kungoja na kutazama vinavyokufa. Ncha zinaanza kuungua, jani linajikunja, asubuhi moja unakuta safu nzima imekuwa rangi ya majivu. Hata ukoka, ambao huota mpaka kwenye nyufa za mawe, ulifika katikati ya shamba ukasimama.

Mwisho yakabaki majani ya aina mbili. Moja tuliliita la pwani, lilikuwa gumu, fupi, la kutambaa, halina sura ya kumpendeza mtu. La pili tuliliita la pembeni, kwa sababu ndipo nilipolichimba. Hilo lilikuwa zuri. Lilisimama hadi gotini, laini, la kijani, juu ya udongo mweupe. Ukilipapasa alfajiri vidole vilitoka na punje ndogo ndogo, na ukilamba unakuta ni chumvi tupu. Jani lile lilikuwa likinywa chumvi kwa mizizi na kuitoa kama jasho. Bwana kilimo alipoliona alivua kofia.

"Hili ndilo," akasema. "Sasa tujue kama ng'ombe atalila, na kama litamnenepesha."

Ng'ombe wa serikali hawakuweza kuletwa. Bondeni kwetu kulikuwa na mbung'o, na ng'ombe mgeni hakuchukua muda kukonda na kufa. Wenyeji wachache waliokuwa na ng'ombe waliwafuga karibu kabisa na nyumba, mahali palipofyekwa. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, watu wake walitoka upande wa Mahenge, na ng'ombe wake mmoja, jike jekundu lenye doa jeupe kifuani, aliachiwa na marehemu mumewe.

Inabidi nieleze mambo yalivyokuwa enzi zile. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutazamana usoni. Tulipokutana njiani mmoja wetu aliingia porini kumpisha mwenzake. Nilimwamkia nikiwa nimegeukia kando, naye aliitikia akitazama chini. Kuhusu kumgusa, au kula mbele yake, hilo halikufikiriwa. Tukiwa na jambo tulizungumza kupitia mke wangu, hata kama sote watatu tulikuwa ndani ya uwanja mmoja na kila mmoja alisikia.

"Mwambie mama," nilimwambia mke wangu, "serikali inaomba ng'ombe wake kwa kiangazi hiki. Atalishwa vizuri. Moto umemaliza majani huku, kule kwangu yapo."

Mama mkwe alikuwa akipepeta mchele. Hakusimamisha ungo. "Mwulize mumeo," akasema, "kama anajua ng'ombe huyu ana mimba."

"Najua," nilimwambia mke wangu.

"Mwambie, ng'ombe huyu ndiye mkono wa marehemu. Sina mwingine. Kama anamtaka, amchukue kwa macho yake mawili, si kwa maneno ya mzungu wake."

Nikamchukua. Na kwa majuma ya mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri. Nilimfunga kwenye kivuli cha banda la makuti karibu na shamba, nikimkatia la pembeni asubuhi na jioni. Alilila kwa pupa, kama watoto wanavyolamba chumvi kiganjani. Manyoya yakaanza kung'aa. Nilichogundua ni kwamba alikuwa akinywa maji kupita kiasi. Pale shambani kulikuwa na kisima kifupi, lakini maji yake yalikuwa na ukali wa chumvi, kwa hiyo kila siku kibarua wangu, mtu mzima mwaminifu, alikwenda mtoni na madebe mawili mabegani. Nilimwambia mara nyingi: chochote kisahaulike, lakini si maji ya mto.

Kisha nikaitwa Ifakara. Bwana kilimo alikuwa na wageni kutoka makao makuu na alitaka niwaeleze habari za shamba. Nikakaa huko siku chache. Siku ya kurudi nikapitia kijijini kwa mama mkwe kumchukua mke wangu, aliyekuwa amebaki kumsaidia kazi. Nikakuta mama mkwe naye amejifunga kanga ya safari.

"Mama anataka kumwona ng'ombe wake," mke wangu akasema. "Amesikia amenenepa."

Tukaondoka asubuhi, mimi mbele nikisukuma baiskeli, wao nyuma mbali kidogo, kama ilivyotakiwa. Nilikuwa na furaha. Nilifikiri, leo mama huyu ataona kazi ninayoifanya.

Tulipokaribia banda niliona mambo si mambo. Ng'ombe alikuwa amesimama na paji la uso amelikandamiza kwenye nguzo, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Hakugeuka aliposikia miguu yetu. Nikapunga mkono mbele ya jicho lake, halikupepesa. Midomo ilikuwa ikichezacheza yenyewe. Mbele yake la pembeni lilikuwa tele, na beseni lake la maji lilikuwa kavu hata vumbi limeingia. Alikuwa amevuta kamba mpaka imemkata shingoni.

Ndani ya kibanda chake kando ya shamba nikamkuta kibarua amejifunika blanketi saa za mchana, anatetemeka.

"Homa, bwana," akasema. "Imenishika tangu juzi. Nilijaribu kwenda mtoni nikaanguka njiani. Nimemtupia majani yaliyokuwa yamekatwa. Kisima nacho kimekauka."

Mtu mwenyewe alikuwa hawezi kukaa. Nikachukua madebe mawili, nikayafunga kwenye baiskeli, nikaenda mtoni kwa kasi ambayo sijapata kuendesha tena maishani. Njiani kurudi, maji yakimwagika miguuni, ndipo kumbukumbu ya pwani iliponijia.

Huko pwani niliwahi kuona ndama waliopotea kwenye uwanda wa chumvi. Walikuwa wamekula majani ya huko kwa siku kadhaa bila maji. Mwenye ndama alipowapata alifurahi, akawapeleka moja kwa moja kisimani, wakanywa mpaka wakatosheka. Kabla jua halijazama walikuwa chini wanapiga mateke hewani, na hakupona hata mmoja. Mganga wa mifugo aliyekuja baadaye alisema chumvi haikuwaua, yaliyowaua ni maji ya ghafla. Alisema wangepewa kidogo kidogo. Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa sikio moja tu, kama mtu anavyosikia habari za watu wengine.

Nilipofika, ng'ombe alinusa maji kabla sijashuka. Akatoa mlio ambao si wa ng'ombe, wala siwezi kuuiga. Akaanza kuivuta kamba akielekea nilipo, kipofu, akijigonga kwenye nguzo. Mama mkwe alikuwa tayari amelisogeza beseni.

Nikaweka madebe nyuma yangu. Nikachota kwa kata ya kifuu, mara moja tu, nikammiminia. Aliimaliza kabla sijaondoa mkono. Akalamba beseni, akalia tena.

"Mwambie mumeo amwage debe lote," mama mkwe akasema.

"Mwambie mama asubiri," nikasema. "Tutampa kidogo kidogo. Akinywa kwa mara moja atakufa."

Mke wangu alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na haja ya kurudia chochote. Tulikuwa hatua mbili tatu tu mmoja kutoka kwa mwenzake.

"Mwulize," mama mkwe akasema, na sauti yake sasa ilikuwa inapanda, "wapi aliona mnyama aliyekufa kwa kunywa maji? Mtoto akishikwa na kiu hupewa maji. Mgonjwa hupewa maji. Yeye mizungu hii kaipata wapi?"

"Niliona pwani, mama," nikasema, nikitazama chini.

Ndipo alipoacha kupitia kwa mtu. "Nilikupa ng'ombe mzima!" akaniambia, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikaona anavyonitazama machoni. "Umemlisha sumu yako, umemwacha na kiu, sasa unamnyima maji mbele yangu! Ukimuua huyu, usirudi kwangu na huyu binti."

Nikampa ng'ombe kata ya pili. Nilikuwa nimejiwekea kipimo: kivuli cha nguzo kikisogea upana wa kiganja, ndipo nimpe nyingine. Si kipimo cha kitabu chochote. Nilihitaji tu kitu cha kunizuia mkono, kwa sababu mlio ule ulikuwa ukiniambia mwaga, mwaga yote.

Mke wangu alikuja akasimama karibu nami. Akauliza kwa sauti ya chini, "Una hakika?"

"Sina," nikamwambia. "Niliona waliokunywa wakafa. Sijawahi kumwona aliyezuiwa akapona."

Wakati huo ng'ombe alianza kuzunguka kwenye kamba yake, upande mmoja tu, akazunguka mpaka kamba ikaisha, magoti yakakunjika, akaanguka kwa ubavu. Miguu ikaanza kupiga hewani, povu likatoka. Ilikuwa ni kama wale ndama. Nilidhani nimechelewa, au kwamba nilikuwa nimekosea tangu mwanzo na mama mkwe ndiye mwenye haki.

Yeye hakungoja. Alinipita, akalikamata debe kwa mikono miwili akalinyanyua ammwagie lote. Nami nikafanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa kwetu aliyelifanya. Nikamshika mama mkwe kifundo cha mkono.

Sote tuliganda. Hakuna hata aliyemtazama ng'ombe. Yeye aliutazama mkono wangu juu ya mkono wake kama anavyotazama mtu nyoka aliyemkuta kitandani. Nilihisi mshipa wake ukipiga chini ya vidole vyangu. Nikauachia. Debe likashuka chini polepole, maji kidogo yakamwagika mchangani, na yeye akaenda akaketi mbali, akatugeuzia mgongo, akajifunika kanga kichwani.

Nikaishika tena kata. Mke wangu akaichukua mikononi mwangu.

"Nitampa mimi," akasema. "Asikuchukie wewe peke yako. Wewe nitazamie kivuli."

Ndivyo tulivyofanya mchana ule wote. Mimi nikitazama kivuli na kusema "sasa", yeye akichota kata moja, akiinama na kuimimina pembeni mwa mdomo wa ng'ombe aliyelala. Mara mbili nyingine kifafa kile kilirudi. Kila kiliporudi niliona bega la mama mkwe likishtuka, ingawa hakugeuka. Kibarua maskini alitambaa kutoka kibandani na blanketi lake, akashikilia kichwa cha ng'ombe kisigonge chini, yeye mwenyewe akitetemeka kuliko mgonjwa wake.

Jua lilipokuwa limeelemea milimani ng'ombe alitoa pumzi ndefu, akakunja miguu ya mbele, akajiinua kifua. Akabaki hivyo muda mrefu, kama anayefikiri. Mke wangu alipomletea kata, ng'ombe alimfuata kwa jicho. Nikapunga mkono karibu na jicho lile, likapepesa.

"Ameona," nikasema.

Mama mkwe alisikia. Akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa shamba ambako ukoka wa kawaida ulikuwa bado umesalia, akaanza kukata kwa kisu alichokuwa nacho kiunoni. Akarudi na fungu, akamwekea ng'ombe wake mdomoni. Hakusema na mimi. Hata hivyo hakuligusa tena debe. Alipotaka ng'ombe apewe maji, alimtazama binti yake, na binti yake akanitazama mimi.

Kulipokucha ng'ombe alikuwa amesimama, anakunywa bila fujo. Lakini hatukutoka salama kabisa. Siku chache baadaye, alipokuwa amekwisha rudishwa kijijini, mimba iliharibika. Mke wangu ndiye aliyekuja kunieleza. Alisema mama hakulia, alimzika ndama yule nyuma ya zizi, kisha akasema nisikanyage uwanja wake.

Bwana kilimo alipokuja nilimweleza yote, pamoja na habari ya mimba iliyoharibika. Niliogopa atasema kibarua ndiye mwenye kosa. Badala yake aling'oa jani la pembeni, akalilamba kutoka chini hadi juu, akafunga macho. Kisha akalilamba la pwani. Akarudia.

"La pwani halina ladha," akasema.

"Ndiyo, bwana. Nadhani linaizuia chumvi kwenye mizizi. Hili jingine linaipokea na kuipandisha juu, kwenye majani anayokula ng'ombe."

"Tulichagua linaloota vizuri," akasema. "Tukasahau anayekula." Akasimama akatembea peke yake kati ya safu zile kwa muda. Baadaye alipeleka majani yote mawili yakapimwe, na majibu yalipokuja hayakutofautiana na ulimi. Tukaanza upya. La pwani, fupi na baya la sura, ndilo tulilolizidisha, na maelezo yake yakabeba sharti kwamba asilishwe mnyama yeyote asiye na maji ya kutosha yasiyo na chumvi karibu. La pembeni tukaliacha lifunike udongo usipeperuke, basi.

Lakini nyumbani kwangu mambo yalibaki magumu. Kumshika mkono mama mkwe lilikuwa jambo lililosimuliwa mpaka Mang'ula. Wengine walisema nimerogwa na pwani, wengine walisema kazi ya serikali imeniondoa utu. Mjomba wa mke wangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliniambia tu, "Peleka kaniki na jogoo. Usiende mwenyewe. Na usijieleze."

Nikatafuta kaniki nzuri dukani Ifakara, na jogoo mwekundu. Mke wangu akavipeleka. Nilingoja barazani tangu asubuhi, sikuweza kufanya kazi yoyote. Alirudi jioni, amebeba sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Hajasema kitu. Amejifunga ile kaniki pale pale. Kisha akamchinja jogoo."

Akafunua. Juu ya wali, peke yake, palikuwa na firigisi.

Asiyejua atasema ni kinyama kidogo tu. Lakini kwetu firigisi haliliwi na mtu yeyote ovyo. Hupewa mwanamume anayeheshimiwa katika nyumba ile. Nililitafuna taratibu sana, mke wangu akinitazama.

Mvua za kwanza ziliponyesha tulichimba vipando vya la pwani, tukavifunga kwenye magunia mabichi kuvipeleka pwani kulikotoka asili yake. Mto ulikuwa umeanza kujaa, na wenye kivuko walitaka tuharakishe. Njiani kwenda Ifakara nikakutana na mama mkwe anatoka shamba, jembe begani. Nikasogea pembeni niingie porini kama desturi.

"Shikamoo mama," nikasema, nimegeuka.

"Marahaba," akajibu. Hakupita. Nikamsikia amesimama. "Huyo ng'ombe wako wa chumvi," akasema, moja kwa moja, hakuna mtu kati yetu, "ameanza kutafuta dume."

Kisha akaendelea na safari yake, na mimi nikaendelea kuelekea kivukoni na magunia yangu.